Kiasi na Ukubwa: Kamera ya Fremu Kamili Mbele ya Swali la Kutosheka

Swali la kutosheka ni la kale katika falsafa ya maadili na katika mafundisho ya dini, na kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba linahusu chakula, mavazi na makazi peke yake. Hata hivyo kila fundi anayeishi kwa kazi ya mikono yake hulikabili pia katika zana, kwa maana hufika wakati akaitazama zana aliyonayo na kujiuliza iwapo bado inamtosha au imeanza kumpunja yeye pamoja na wale anaowahudumia. Kwa mpiga picha wa Masimba, katika kaunti ndogo ya Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii, swali hili leo huja kwa umbo mahususi: anayo kamera yenye sensa ndogo iliyomlipia karo za watoto na kodi ya chumba cha studio, anawaona wenzake wa Kisii mjini na Nairobi wakihamia kamera yenye sensa kubwa waiitayo fulufremu, yaani kamera ya fremu kamili, na inambidi aamue kama kuhama huko kutakuwa uaminifu kwa kazi au tamaa iliyojifunika joho la kazi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo kikubwa ni halali, na wakati mwingine ni wajibu, pale upungufu wa chombo kidogo unapowaangukia watu wanaopigwa picha. Lakini pale upungufu huo unapoonekana tu kwa macho ya mtu anayejilinganisha na jirani yake, kutosheka ndiko kunakompasa, hata kama fedha anazo.

Tamaa ya kitu kisichoeleweka haiwezi kuhukumiwa kwa haki, na kwa sababu hiyo ni lazima kwanza ielezwe sensa ni nini na ukubwa wake hubadilisha nini. Sensa ni kipande bapa cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme unaopimwa na kuandikwa kama picha. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, hivyo eneo lake ni milimita za mraba 864. Sensa ndogo iliyoenea zaidi mikononi mwa wapiga picha wa Kenya, ijulikanayo kwa jina la APS-C, ina takriban milimita 23.5 kwa 15.6 katika kamera za Nikon na Sony, na takriban 22.3 kwa 14.9 katika kamera za Canon, ilhali sensa ya mfumo wa Micro Four Thirds ina 17.3 kwa 13. Kwa hesabu hiyo fremu kamili ina eneo lililo zaidi ya mara mbili ya APS-C na karibu mara nne ya Micro Four Thirds. Wingi wa pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kamera mbili zenye megapikseli 24 kila moja zinaweza kuwa na sensa zilizotofautiana sana kwa ukubwa.

Faida ya eneo hilo yaweza kueleweka kwa kufikiria mapaa mawili ya mabati yaliyo kwenye boma moja, moja la nyumba na jingine la jiko, wakati mvua ya alasiri inaponyesha juu ya vilima vya Gusii: mvua ni ile ile, matone ni yale yale, lakini mfereji wa paa kubwa hujaza mapipa mengi zaidi kwa sababu paa hilo limekinga matone mengi zaidi. Mwanga nao huja kwa chembe zinazoitwa fotoni, na chembe hizo huwasili bila mpangilio, kiasi kwamba idadi inayonaswa hupanda na kushuka kwa kiwango kilicho sawa na kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Mahali penye fotoni 100 mtikisiko huo huwa 10, yaani asilimia 10 ya idadi hiyo, na mahali penye fotoni 10,000 mtikisiko huwa 100, yaani asilimia 1 tu. Mtikisiko huo ndio unaoonekana kama chembechembe chafu kwenye picha zilizopigwa katika giza. Sensa yenye eneo la mara 2.3 hunasa mwanga wa mara 2.3 zaidi ikiwa lenzi imefunguliwa kwa namba ile ile na kwa muda ule ule, na usafi wa picha huongezeka takriban mara moja na nusu, kiasi kwamba picha ya ISO 6400 kutoka fremu kamili hukaribiana kwa usafi na ile ya ISO 3200 kutoka APS-C. ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga iliyoupokea, na kadiri kinavyopandishwa ndivyo chembechembe zinavyojitokeza.

Lakini faida hiyo ina sharti ambalo watangazaji wa bidhaa hawalitaji, nalo ni sharti linaloligeuza suala la ufundi kuwa suala la falsafa. Kamera ya fremu kamili ikitazama mandhari ile ile kwa upana ule ule na kwa namba ile ile ya tundu la lenzi, kina cha ulengaji hupungua, kina cha ulengaji kikiwa ni umbali kutoka mbele kwenda nyuma ambamo vitu huonekana vikali bila ukungu. Kwaya ya kanisa iliyojipanga safu tatu inaweza kutoka kali yote kwa tundu la f/2.8 kwenye APS-C, ilhali kwenye fremu kamili safu ya nyuma itaingia ukungu kwa tundu hilo hilo, hata mpiga picha alazimike kulifunga hadi f/4 au zaidi kidogo. Akilifunga hivyo bila kubadilisha muda, mwanga hupungua kwa nusu, ISO hupanda maradufu, na usafi alioununua kwa fedha nyingi hutoweka wote. Maana yake ni kwamba sensa kubwa haitoi zawadi bila kudai kitu: humpa faida mtu aliye tayari kupoteza kina, au anayepiga kitu kisichosogea kwa kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, au mwenye mwanga wa kutosha anayetafuta upana mkubwa zaidi baina ya weupe na weusi. Asiyekuwa miongoni mwa hao ataongeza uzito begani na deni nyumbani, na picha zake zitabaki zilivyokuwa.

Historia ya kipimo chenyewe inatoa funzo la pili. Milimita 36 kwa 24 hazikuteremka kutoka mbinguni kama kadiri ya ukamilifu. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, akaiweka fremu mbili za sinema kuwa fremu moja ya picha, na kamera ya Leica iliyotokana na jaribio hilo ikatolewa kwa wateja mwaka 1925. Kwa mafundi wa wakati huo waliozoea mabamba ya kioo na filamu pana, kipimo hicho kilikuwa kidogo mno kwa kazi ya heshima, na uzuri wake ulikuwa katika wepesi. Kamera za kidijitali zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, sensa ya ukubwa huo ilikuwa ghali kupita kiasi, kwa sababu sahani moja ya silikoni hutoa sensa kubwa chache, na kasoro moja huharibu kipande kikubwa zaidi. Ndiyo sababu sensa ndogo zikashika soko, na kamera kama Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002, kisha Canon EOS 5D ya mwaka 2005, ndizo zilizoanza kurudisha kipimo cha Barnack. Kwa hiyo kile ambacho babu wa mpiga picha angekiona kidogo, mjukuu anakiona kikubwa, na juu ya fremu kamili zipo tayari sensa za milimita 44 kwa 33 zinazoifanya nayo ionekane ndogo. Anayetafuta utulivu wa moyo katika ukubwa anapanda ngazi ambayo kila kipandio chake kina kingine juu yake.

Hapo ndipo mafundisho ya kale yanapopata nguvu. Amri ya kumi katika Kitabu cha Kutoka inakataza kutamani mali ya jirani, na ikiangaliwa kwa makini, inachokikataza ni aina ya tazamo ambalo chanzo chake ni kile alichonacho mwingine. Haimkatazi mtu kuhitaji. Katika Uislamu, Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufundisha ukinaifu kama hali ya moyo usiofungwa na mali, hata mtu akawa na kitu mkononi bila kitu hicho kuwa naye, na Kurani inawasifu wanaotumia bila israfu wala ubahili, wakashika njia iliyo baina ya hayo mawili. Wagusii wengi ni Wakristo, Waadventista wa Sabato na Wakatoliki wakiwa na mizizi mirefu huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na katika makanisa ya Masimba fundisho la kuridhika si geni. Mpiga picha anayesema kwamba kamera yake haifai, lakini ambaye hakulijua hilo mpaka alipoiona ya mwenzake kwenye arusi ya Keroka, anapaswa kujiuliza upungufu huo ulizaliwa wapi, kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, na macho yana uwezo wa kutengeneza mahitaji ambayo kazi haikuyadai.

Hata hivyo fundisho la kutosheka lina hatari yake, nayo ni kutumiwa kama pazia la uvivu. Fundi anayeridhika na kazi mbovu kwa sababu chombo bora kina gharama, kisha akauita uzembe huo unyenyekevu, hajatosheka. Amewafanya wengine wabebe hasara ili yeye apumzike. Maandiko yale yale yanayokataza tamaa yanamtaja Bezaleli, aliyejazwa hekima na ustadi ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao kwa ajili ya hema ya kukutania, wala hakuna mahali anapolaumiwa kwa kutaka vifaa vinavyolingana na kazi hiyo. Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unamhukumu mtumwa aliyefukia alichopewa, si aliyekifanyia kazi kikaongezeka. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kwa jina la Nikomako, aliweka miongoni mwa fadhila tabia ya kutumia fedha nyingi kwa namna inayostahili kazi inayofanywa: anayetumia pungufu ya kazi ni duni, anayetumia kupita kazi ili aonekane ni mtu wa majivuno, na mwema ni yule ambaye gharama yake inalingana na tendo lake. Kwa mtazamo huo mizani ya maadili huwa na kamera upande mmoja na kazi upande wa pili, na swali la mpiga picha huwa ni kama viwili hivyo vinalingana.

Kazi ya mpiga picha wa Masimba ina sura zake, na baadhi yake zinaielekeza mizani upande wa sensa kubwa. Eneo hili liko karibu mno na ikweta, hivyo jua huzama kwa mteremko mkali na machweo hupita haraka. Liko katika nyanda za juu zinazopata mvua karibu mwaka mzima, hivyo mawingu ya alasiri hulifunika jua mapema. Na sherehe nyingi huchelewa, hata saa iliyopangwa kwa picha za maharusi ikaangukia wakati giza linaingia. Ndani ya kanisa lililoezekwa mabati, mwanga huingia kwa madirisha ya pembeni, na bibi arusi mwenye ngozi nyeusi anasimama ndani ya gauni jeupe karibu na dirisha. Mpiga picha akiupima mwanga wa gauni ili kudarizi na kunjo zake zisipotee katika weupe, uso huingia kizani. Akiupima wa uso, gauni huwa kipande cheupe kisicho na uzi wala mshono. Njia ya kawaida ni kuliokoa gauni kwanza, kisha kuunyanyua uso kwenye kompyuta, na hapo ndipo sensa ndogo inapofichua udhaifu wake, kwa sababu kivuli kinachonyanyuliwa hunyanyuka pamoja na chembechembe zake, na shavu la bibi arusi huonekana kana kwamba limemwagiwa vumbi. Sensa kubwa iliyopewa mwanga wa kutosha huvumilia kunyanyuliwa huko kwa takriban hatua moja zaidi ya mwanga, yaani kwa kiwango cha maradufu, na hatua hiyo moja ndiyo inayoweza kutofautisha uso uliotendewa haki na uso uliotolewa sadaka kwa ajili ya gauni.

Mazishi yana dai jingine. Wagusii huzika nyumbani, katika ardhi ya familia, na ndugu hujipanga kwa makundi kando ya jeneza ili wapigwe picha, wakwe upande wao, wajukuu upande wao. Flashi, yaani taa ya kamera inayomulika ghafla, inaweza kuwa bughudha kwa mjane aliyeinamisha kichwa, na mpiga picha anayeweza kufanya kazi ndani ya hema lenye kiza bila kumulika anaitunza staha ya waliofiwa. Hapa sensa kubwa, ikifungwa lenzi yenye tundu pana, inanunua ukimya, na ukimya huo unamfaa mfiwa kabla ya kumfaa mpiga picha. Hii ndiyo aina ya hoja inayoweza kusimama mbele ya dhamiri, kwa sababu inamtaja mtu mwingine kama mnufaika.

Lakini kabla ya kuifanya haki ya uso kuwa mali ya sensa kubwa, inafaa ikumbukwe dhuluma moja katika historia ya upigaji picha. Filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa miongo kadhaa kwa kutumia kadi za mfano zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na maabara zilizosafisha picha zililinganisha rangi na ngozi yake. Mtafiti Lorna Roth ameeleza jinsi nyuso nyeusi zilivyotoka bila umbo wala undani, na jinsi msukumo wa kuirekebisha filamu ulivyotokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Sehemu ya filamu hiyo ilikuwa ya milimita 35, yenye fremu ya 36 kwa 24, ukubwa ule ule unaotafutwa leo. Ukubwa ulikuwepo na haki haikuwepo, kwa sababu kipimo cha weledi kilikuwa kimewekwa na watu ambao hawakuwa na uso mweusi akilini. Leo pia mpiga picha anayeiacha kamera iamue mwanga peke yake, asiyejifunza kusoma histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga katika picha, wala kumsogeza bibi arusi hatua mbili kutoka dirishani, atawadhulumu watu wake kwa sensa ya ukubwa wowote. Haki ya uso huanza katika jicho na nia, na chombo huja kuzisaidia.

Historia ya Afrika Mashariki inatia nguvu hoja hii kwa mifano miwili. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeendesha studio yake kuanzia miaka ya 1960, alipata umaarufu kwa picha za kuunganisha, ambamo sura za watu ziliwekwa ndani ya maua na vyombo vya nyumbani kwa ustadi wa mkono na mkasi, na kazi zake zikaja kuandikiwa na wanazuoni nje ya nchi. Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1943, alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC mnamo Oktoba 1984 na kuamsha misaada duniani kote. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia hadi kifo chake mwaka 1996. Ushuhuda wa watu hao haukutokana na ukubwa wa sehemu iliyopokea mwanga. Ulitokana na kule walikosimama, na walichokiona ambacho wengine walikipita.

Sehemu nyingine ya swali hili ni nani anayelipa. Yesu katika Injili ya Luka anamtaja mjenzi anayeketi kwanza na kuhesabu gharama za mnara, na hesabu ya kamera ya fremu kamili haiishii kwenye kamera yenyewe. Lenzi zilizotengenezwa kwa sensa ndogo hutupa duara dogo la picha lisiloifunika sensa kubwa: lenzi za Canon za aina ya EF-S haziingii kabisa kwenye kamera za Canon za kioo cha kuakisi zenye fremu kamili, na lenzi za sensa ndogo zinazokubali kufungwa kwenye kamera mpya zisizo na kioo hulazimisha kamera itumie katikati ya sensa tu, hata megapikseli 24 zikabaki takriban 10. Anayenunua kamera na kubaki na lenzi za zamani amenunua sensa kubwa na kuitumia kama ndogo. Pia masafa hupungua, kwa sababu lenzi ya milimita 200 kwenye APS-C huona kama milimita 300 zinavyoona kwenye fremu kamili; anayepiga mechi za klabu ya kandanda ya Shabana katika Uwanja wa Gusii atagundua kwamba mchezaji aliyeijaza fremu yake jana leo amekuwa mdogo, na lenzi ya kumrudisha karibu ni nzito na ghali. Mafaili nayo hudai nafasi: picha ghafi 2,000 za arusi moja, zikiwa za megabaiti 30 kila moja, ni gigabaiti 60, zinazohitaji kadi, diski na kompyuta inayoweza kuzibeba.

Gharama hizo zote huingia katika nyumba yenye watu. Masaba Kusini ni nchi ya majani chai, ambako wakulima wengi hupokea malipo ya kila mwezi na kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na mapato ya mpiga picha hufuata mdundo huo, yakijaa katika msimu wa arusi na kukauka baadaye. Mpiga picha Mwadventista anayeishika Sabato, kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, hupumzika siku ambayo wenzake wengi hupata kazi, na hiyo ni sadaka ya hiari ambayo hesabu yake lazima iiheshimu badala ya kuishambulia. Deni litakalomjaribu avunje ahadi yake na Mungu ni deni kubwa kuliko tarakimu zake. Kamera iliyonunuliwa kwa mkopo wa simu, huku karo ikisubiri, inamlipisha mtoto ambaye hakuulizwa. Kwa upande mwingine, kamera iliyonunuliwa kwa akiba ya kazi, baada ya lenzi bora kuwa tayari zimepatikana, haimdhulumu mtu, na mwenye nayo hana sababu ya kuifurahia kwa aibu.

Hoja moja ya upinzani inastahili jibu la heshima. Husemwa kwamba wateja wenyewe hutaka kuona kamera kubwa, na kwamba kamati ya arusi humpa kazi mwenye chombo cha kutisha hata kama picha za mwenye kamera ndogo ni nzuri zaidi. Ni kweli kwamba soko lina macho, na fundi hawezi kuishi nje ya soko. Lakini anayenunua heshima kwa chombo anauza kitu kisichokuwamo ndani ya picha, na kupandisha bei kwa ajili ya jina la sensa, pasipo tofauti ambayo mteja ataiona kwenye albamu yake au kwenye simu yake, ni kupunja mizani, jambo ambalo manabii walilikemea sokoni kabla ya kamera kuwapo. Jibu la uaminifu kwa mteja wa namna hiyo ni kumwonyesha picha zilizochapishwa na kumwacha azihukumu. Mteja aliyefundishwa kuona atamtetea fundi wake kwa muda mrefu kuliko mteja aliyeshangazwa na umbo la kamera.

Kutokana na hayo yote, hukumu inaweza kutamkwa bila kuyumba. Mpiga picha anayefikiria kuhama na aketi na kazi zake za mwaka uliopita, azitenge picha zilizoharibika, kisha aitaje sababu ya kila moja. Zile zilizoharibika kwa kuchelewa, kwa kusimama mahali pabaya, kwa lenzi hafifu au kwa kutojua, hazitaponywa na fremu kamili, na fedha yake ielekezwe kwanza kwenye mafunzo, kwenye lenzi yenye tundu pana na kwenye taa. Ikiwa zitabaki nyingi ambazo sababu yake ni sensa peke yake, nyuso zilizokosa undani katika giza ambalo hakuna mbinu ingelishinda, basi akodishe kamera ya fremu kamili kwa kazi moja au mbili, alinganishe kwa macho yake, na ikithibitika, ainunue kwa fedha isiyo ya mtu mwingine na aitumie kwa moyo mweupe, kwa maana amewanunulia watu wake haki yao. Na yule ambaye rundo hilo litatoka tupu na ajue kwamba kamera aliyonayo inamtosha, na kwamba kumwambia mteja hivyo waziwazi ni sehemu ya ufundi wake.